Je, Kenya Ibadilishe Kocha wa Timu ya Taifa ya Raga? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Simba wanapokosa tiketi ya Kombe la Dunia, kilio ni kile kile: kocha aende. Mashabiki wana haki ya kuuliza, maana timu ni yao na uchungu ni wao. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mara na kuyajibu kwa kadiri ninavyoijua historia ya timu zetu mbili, Simba wanaocheza raga ya wachezaji 15 kila upande, na Shujaa wanaocheza ile ya saba. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nimesimama wapi. Kocha aondolewe kwa mambo yaliyo mikononi mwake. Kenya imejizoeza kuwapiga makocha kalamu kwa mambo ambayo hawakuwahi kukabidhiwa.

Swali hili lilianzia wapi?

Kwa kizazi hiki cha mashabiki, lilianzia Antananarivo. Julai 2014 Simba waliwachapa Namibia 29-22 nchini Madagascar, wakabaki na mechi moja tu kati yao na Kombe la Dunia la 2015. Walihitaji kuwashinda Zimbabwe. Wakalala 28-10, na Namibia, wale wale waliokuwa wamechapwa na Simba, ndio waliofunga safari ya Uingereza.

Agosti 2018 wakaenda Windhoek kwa mechi ya kuamua nani aiwakilishe Afrika nchini Japani. Namibia wakashinda 53-28. Mlango wa pili ulikuwa bado wazi, mchujo wa mwisho mjini Marseille mwezi Novemba, na huko mambo yakawa mabaya zaidi: Canada 65-19, Ujerumani 43-6, Hong Kong 42-17. Julai 2022, fainali nchini Ufaransa, Namibia walifunga pointi 36 na Kenya haikupata hata moja. Julai 2025 jijini Kampala, Zimbabwe ndio waliotutoa katika nusu fainali, kisha wakawashinda Namibia 30-28 na kurudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991.

Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15. Hata mara moja. Ndiyo maana swali halizimiki.

Nani walikuwa kwenye usukani miaka hiyo?

Mwaka 2014 alikuwa Jerome Paarwater kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2018 alikuwa Ian Snook wa New Zealand, aliyekabidhiwa timu mwaka ule ule wa mchujo. Mwaka 2022 alikuwa Paul Odera, Mkenya. Mwaka 2025 alikuwa Paarwater tena, aliyerejeshwa mwaka 2023.

Yaani tumejaribu mgeni, tukajaribu mgeni mwingine, tukampa mwenyeji, kisha tukamrudia wa kwanza. Mara zote nne tulibaki nyumbani. Anayesema dawa ni kubadilisha kocha ana wajibu wa kueleza kwa nini dawa hiyo haijafanya kazi hadi sasa.

Kwa hiyo unasema kocha hana lawama?

La. Kuna wakati anayo, na nitakupa mfano.

Mwaka 2014, kabla ya Antananarivo, kikosi cha Simba kiliingizwa katika Kombe la Vodacom nchini Afrika Kusini. Wiki baada ya wiki vijana wetu waligongana na timu za mikoa ya Afrika Kusini, wakapigwa, wakajifunza, wakarudi wamekomaa. Miezi michache baadaye wakawaangusha Namibia. Sisemi mashindano yale pekee ndiyo yaliyoleta ushindi, lakini timu iliyocheza mechi ngumu mfululizo huonekana uwanjani. Haiogopi kugusana, na haichoki dakika ya 60.

Sasa njoo 2022. Mwaka huo pia Simba walipelekwa Afrika Kusini, safari hii katika daraja la kwanza la Currie Cup. Mechi walizipata, muda wa kukaa pamoja waliupata. Kisha wakaenda Ufaransa na kumaliza fainali bila pointi hata moja. Timu ikiandaliwa kisha ikashindwa kufunga hata penalti, ni haki kabisa kumuuliza kocha mpango wake ulikuwa upi, wachezaji aliwachagua kwa kigezo gani, na kwa nini hakukuwa na njia ya pili wakati ya kwanza ilipozibwa. Odera aliondoka baada ya kampeni hiyo na sikuona dhuluma katika kumuuliza maswali hayo.

Marseille 2018 ni habari nyingine. Snook aliikuta timu ikiwa tayari imo njiani. Kumpima kwa matokeo yale ni kumpima fundi aliyeitwa paa likiwa tayari limeanza kuvuja.

Kazi ya kocha mkuu inaanzia wapi na kuishia wapi?

Hapa ndipo mijadala yetu hupotea njia, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Chukua skramu. Wachezaji wanane wanashikana na kusukumana na wanane wa upande wa pili. Refa anawaita kwa hatua tatu: wainame, washikane, kisha waingie. Kati ya hatua ya pili na ya tatu, propu wa kulia, mchezaji wa ukingo wa safu ya mbele, anaishika jezi ya mpinzani wake huku mgongo umenyooka na magoti yamekunjwa, na nyuma yake kuna uzito wa watu watano unaosubiri neno. Mguu mmoja ukiteleza, au kiwiko kikishuka, skramu inaanguka na penalti inapigwa. Ukikubali penalti tatu za namna hiyo katika nusu moja umempa mpinzani pointi tisa, au umempa mkwaju wa kuutoa mpira nje mita tano kutoka mstari wako.

Propu haandaliwi kwa hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo. Anaandaliwa kwa miaka, kwa mazoezi ya nguvu, chakula cha kutosha, mashine ya skramu, na zaidi ya yote kwa kukutana na mapropu wazuri kuliko yeye kila Jumamosi. Wachezaji wengi wa Kenya Cup, ligi kuu ya klabu za raga nchini, wana kazi au masomo mchana na hufanya mazoezi ya klabu jioni. Propu anayetoka kazini Nairobi, akakaa kwenye foleni hadi saa moja usiku, kisha akafanya mazoezi chini ya taa hafifu, atakutana Julai na Mnamibia aliyelelewa katika mfumo wa Afrika Kusini.

Kocha mkuu anaweza kuchagua propu bora tuliye naye. Anaweza kumfundisha pembe ya mgongo na namna ya kushika, na anaweza kupanga mchezo unaopunguza idadi ya skramu. Hawezi kumtengeneza propu kwa wiki sita za kambi. Kuwalea mapropu kumi katika klabu na shule kwa miaka minane ni kazi ya Chama cha Raga cha Kenya, KRU, na ya klabu zenyewe. Ukichanganya kazi hizi mbili utamfuta mtu kwa kosa la ofisi nyingine, na aliyekosa atabaki ofisini akiandaa tangazo la kumtafuta kocha mpya.

Lakini Afrika Kusini walibadilisha kocha na wakatwaa Kombe la Dunia. Kwa nini sisi tusiige?

Tuige, mradi tuige yote.

Chini ya Allister Coetzee, Springboks walipoteza 57-0 kwa New Zealand Septemba 2017, kisha 38-3 mjini Dublin Novemba. Katika mechi zake 25 alishinda 11. Aliondolewa mapema 2018, na mwaka uliofuata, chini ya Rassie Erasmus, wakawa mabingwa wa dunia jijini Yokohama baada ya kuwafunga Uingereza 32-12.

Watu hukumbuka jina la Erasmus na kusahau alichopewa. Alikuwa kocha na pia mkurugenzi wa raga, kwa hiyo maamuzi ya chama na ya uwanjani yalipitia meza moja. Alikuwa huru kuwaita nyota waliokuwa wakicheza ng'ambo. Alimpa Siya Kolisi unahodha. Na chini yake kulikuwa na shule na klabu zinazotoa wachezaji wa kiwango cha dunia kila mwaka. Coetzee alishindwa huku hazina ikiwa imejaa, kwa hiyo kumbadilisha kulikuwa na maana. Timu ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko matokeo yake.

Na mtu yule yule aliyeonekana hafai kwa Springboks alikwenda kuwafundisha Namibia. Ndiye aliyekaa upande wa pili siku ile ya 36-0, na ndiye aliyewapeleka Namibia Kombe la Dunia la 2023. Kocha mmoja, vyama viwili, hadithi mbili tofauti kabisa.

Uingereza, Wales na Australia walibadilisha makocha kwa pamoja. Walivuna nini?

Ilikuwa kati ya Desemba 2022 na Januari 2023, na sidhani kama kuna mfano bora wa kujifunzia.

Wales walianza, Desemba 5: Wayne Pivac nje, Warren Gatland ndani, yule yule aliyewapa mataji katika awamu yake ya kwanza. Siku iliyofuata Uingereza wakamtimua Eddie Jones, ambaye alikuwa ameshinda mechi 59 kati ya 81 na kuwafikisha fainali ya 2019. Mwaka ule wa mwisho alikuwa amepoteza kwa Argentina na kwa Afrika Kusini palepale Twickenham. Wakamchukua Steve Borthwick kutoka Leicester. Januari, Australia nao wakamwondoa Dave Rennie na kumpa Jones mkataba wa hadi 2027.

Australia ndio walioumia zaidi. Chini ya Jones walishinda mechi 2 kati ya 9, wakapigwa na Wales 40-6 mjini Lyon, na kwa mara ya kwanza katika historia yao wakashindwa kuvuka makundi ya Kombe la Dunia. Kabla mwaka haujaisha Jones alikuwa ameshaondoka.

Uingereza walipata nuru, lakini baada ya giza. Borthwick alipoteza 53-10 nyumbani kwa Ufaransa, na Agosti akapoteza kwa Fiji, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Wiki chache baadaye alikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia, akashindwa na Afrika Kusini kwa pointi moja, 16-15, na akarudi na nafasi ya tatu. Nadhani kilichomwokoa ni kurahisisha mchezo. Alikuwa na wachezaji waliokomaa, akawapa mambo machache ya kufanya vizuri.

Wales ndio wanaopaswa kutufikirisha sisi. Gatland aliwafikisha robo fainali mwaka 2023, wakongwe wakastaafu, na hakukuwa na wa kuwarithi. Mwaka mzima wa 2024 Wales hawakushinda mechi yoyote ya kimataifa. Gatland aliondoka Februari 2025 baada ya kupoteza mara 14 mfululizo. Kaimu kocha Matt Sherratt alichukua timu, na mwezi mmoja baadaye Uingereza wakawafunga 68-14 mbele ya mashabiki wao Cardiff. Kocha mpya, kipigo kikubwa zaidi, kwa sababu wachezaji walikuwa wale wale na klabu zilizowalea zilikuwa zile zile, zenye ukata ule ule.

Shujaa wamebadilisha makocha mara nyingi. Walifaidika?

Swali hili linauma, kwa sababu jibu liko pande zote mbili.

Hesabu nami. Mike Friday, Paul Treu, Felix Ochieng, Benjamin Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu tena, Damian McGrath, kisha Kevin Wambua. Watu tisa, kati ya 2012 na 2023. Friday aliiacha timu ikiwa ya tano duniani katika msururu wa dunia wa raga ya saba wa 2012-13. Ayimba, marehemu sasa, ndiye aliyetupa siku ambayo hakuna Mkenya anayependa raga atakayeisahau, Aprili 17, 2016 nchini Singapore, Fiji 7, Kenya 30. Miezi michache baadaye, baada ya Olimpiki ya Rio ambako Shujaa walimaliza katika nafasi ya 11, hakuwa tena kocha.

Simiyu akaijenga upya. Msimu wa 2017-18 Shujaa walifika fainali mbili, Vancouver na Hong Kong, na kumaliza wa nane. Kisha ikaja Paris, Juni 2018. Wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wameficha nembo ya mfadhili kifuani, mbele ya kamera za dunia nzima, kwa sababu walidai fedha zao hazijalipwa. Mfadhili akajiondoa. Kabla mwaka haujaisha Simiyu naye alikuwa ameondolewa, msimu mpya ukaanza bila wakongwe wengi kwa mvutano wa mikataba, na timu iliyokuwa ikicheza fainali ikajikuta inahangaika mkiani.

Tazama vizuri kilichotokea pale. Ugomvi ulikuwa wa fedha. Aliyelipa gharama ni kocha, na baada yake timu. Huo kwangu ndio uamuzi mbaya kuliko yote ambayo raga yetu imefanya katika miaka hii, na nausema bila kuuma maneno. Miaka miwili baadaye walimwita Simiyu arudi, na akawapeleka Olimpiki ya Tokyo ambako walimaliza wa tisa. Tulimfukuza kisha tukamhitaji.

Upande wa pili ni mwaka 2023. Chini ya McGrath, kocha mwenye jina aliyewahi kuwapa Canada taji lao la Singapore 2017, Shujaa walishushwa daraja jijini London mwezi Mei, kwa kufungwa 12-7 na Canada hao hao. Zaidi ya miaka 20 miongoni mwa timu za kudumu za dunia ikaishia hapo. McGrath akaondoka, Wambua akachukua nafasi. Septemba mwaka huo, mjini Harare, Kenya iliwashinda Afrika Kusini 17-12 na kukata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Juni 2024 jijini Madrid waliwafunga Ujerumani 33-15 na kurudi daraja la juu.

Kwa hiyo mabadiliko ya 2023 yalikuwa sahihi? Naamini ndiyo. Wachezaji walikuwepo, vipaji vilikuwepo, ila timu ilikuwa imepoteza imani, na raga ya saba hugeuka haraka kuliko ile ya 15. Kundi la watu 12 au 13 linaweza kubadilika ndani ya miezi mitatu. Usitarajie skramu ibadilike kwa kasi hiyo.

Je, kocha awe mgeni au mzalendo?

Shujaa walitwaa Singapore chini ya Mkenya na wakarudi daraja la juu chini ya Mkenya. Nafasi yao bora katika msururu waliipata chini ya Mwingereza. Kwa Simba, wageni na wenyeji wote wamekwama mahali pamoja. Ninachotaka mimi ni mtu anayekwenda kuangalia mechi za Kenya Cup Kakamega na Nakuru, si zile za Ngong Road na Ruaraka peke yake, na ambaye mchezaji wa klabu ndogo anaamini atamwona. Uraia wake haunisumbui.

Hakuna njia ya katikati, kama kubadilisha wasaidizi tu?

Ipo, na hapa kwetu haitumiki vya kutosha. Mwaka 2022 New Zealand walipoteza mfululizo wa mechi nyumbani dhidi ya Ireland. Nchi nzima ilitaka kichwa cha Ian Foster. Chama kiliwaondoa wasaidizi wawili, kikamleta Jason Ryan kushughulikia washambuliaji wa mbele, na Joe Schmidt akapewa nafasi kubwa zaidi. Agosti timu ikashinda Ellis Park 35-23, Foster akabaki, na mwaka uliofuata alifika fainali ya Kombe la Dunia akapoteza kwa pointi moja, 12-11.

Kama udhaifu wa Simba ni skramu na mipira ya kurushwa kutoka pembeni, mtaalamu mmoja wa washambuliaji wa mbele anayekaa nchini mwaka mzima, akizunguka klabu hadi klabu, angetufaa kuliko kocha mkuu mpya mwenye wasifu mrefu. Ni nafuu pia.

Wakati mwafaka wa kubadilisha ni upi?

Mara tu baada ya mzunguko kuisha, kabla ya ule mwingine kuanza. Zimbabwe walikosa Kombe la 2023. Chini ya Piet Benade wakatwaa Kombe la Afrika 2024 kwa kuwafunga Algeria fainali, na 2025 wakalitetea na kufuzu. Waliwaita pia wachezaji wenye asili ya Zimbabwe walioko nje, akiwemo Ian Prior aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi katika raga ya kulipwa Australia. Benade alifika kwenye mashindano ya mwisho akiwa na timu anayoijua.

Kubadilisha ndani ya mwaka wa mchujo, kama tulivyofanya 2018, ni kamari, na Australia ya 2023 inaonyesha hata matajiri huungua vidole. Sababu pekee inayoweza kuhalalisha hatua hiyo ni utovu wa nidhamu, au wachezaji kukataa kabisa kumchezea mtu huyo.

Wachezaji wasikilizwe?

Ndiyo, kwa siri na mmoja mmoja, na waulizwe pia kuhusu chama. Ukiwauliza kuhusu kocha peke yake utapata jibu la nusu. Wachezaji wa Paris 2018 hawakuwa wakilalamikia mazoezi.

Dalili zipi zitakushawishi wewe kwamba kocha aende?

Ya kwanza ni kosa lile lile kurudi. Timu ikifungwa Juni kwa mpira wa juu nyuma ya mchezaji wa pembeni, na Julai ikafungwa kwa mpira ule ule, hakuna aliyefundisha kitu katikati. Hilo halina uhusiano na bajeti.

Ya pili ni uteuzi. Mchezaji anayeng'ara msimu mzima na Kabras au Oilers akaachwa bila maelezo, na mwingine asiyecheza klabuni akaitwa kwa sababu ya jina, heshima ya kambi huvunjika. Nikiona hivyo mara mbili sina haja ya kusubiri matokeo.

Halafu natazama chipukizi. Odera alipewa Simba baada ya kazi nzuri na Chipu, vijana wasiozidi miaka 20, waliowashinda Namibia na kutwaa Kombe la Barthés mwaka 2019. Kocha wa timu kubwa anapaswa kuwapokea vijana wa namna hiyo na kuwafikisha. Ikiwa miaka mitatu imepita na wachezaji sita wa kundi kama hilo wameacha raga, namtaka kocha aniambie majina yao na walikwenda wapi. Asipoyajua, aende.

Kupoteza kwa Namibia kwa pointi 10 si dalili. Kupoteza kwa pointi 10 baada ya kuongoza hadi dakika ya 60, mara tatu, ni dalili, lakini nitaanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya kumfikia kocha mkuu.

Kuvunja mkataba kunagharimu kiasi gani?

Kunategemea mkataba, na ndiyo maana mkataba uandikwe vizuri tangu mwanzo, wenye malengo yanayopimika na tarehe ya tathmini. Chama kisicho na uwezo wa kulipa posho kwa wakati hakiwezi kumudu kumlipa kocha anayeondoka na anayeingia kwa mpigo.

Kiti kikiwa wazi, kocha mpya apewe nini?

Apewe muda hadi mwisho wa mchujo wa Kombe la Dunia la 2031 litakalochezwa Marekani, na tathmini mbili katikati, zinazofanywa na watu waliowahi kucheza au kufundisha raga. Apewe kalenda ya mechi iliyotiwa saini kabla yeye hajatia saini yake, yenye mechi za nje kila mwaka na si mwaka wa mchujo tu. Apewe uhuru wa kuteua kikosi bila simu kutoka kwa kiongozi yeyote. Awe na mtu wa skramu, na apate taarifa za mapropu na mahuka (wanaosimama katikati ya mapropu kwenye skramu) wote wa Kenya Cup na wa ligi ya chini yake, uzito wao, majeraha yao na dakika walizocheza. Na kabla ya kambi ya kwanza kufunguliwa, KRU imwonyeshe mbele ya nahodha posho za wachezaji zitatoka mfuko gani na zitalipwa tarehe ngapi.